Kwa mnaoanza kupima NfL katika familia za Huntington

Ukijiunga na timu inayofuatilia Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo polepole, herufi utakazosikia kutwa nzima ni NfL, kifupi cha neurofilament light. Hii ni protini inayojenga kiunzi cha ndani cha nyuzi za neva. Neva ikiharibika, protini hiyo huvujia kwenye maji ya uti wa mgongo, na chembe kidogo hufika kwenye damu. Ni kidogo kweli: tunaipima kwa pikogramu katika mililita, na vipimo vya kawaida vya maabara vilikuwa haviioni vizuri mpaka zilipokuja mashine za aina ya Simoa.

Kabla hujashika pipeti, tenganisha kichwani vitu viwili. Kipimo cha jeni kinajibu nani amerithi: mwenye marudio 40 au zaidi ya CAG, herufi tatu za DNA, kwenye jeni la HTT ataugua akijaliwa umri wa kawaida, wa 36 hadi 39 huenda akaugua, huenda asiugue. NfL haijibu swali hilo. Hupanda kwa aliyegonga kichwa, kwa mwenye ALS (ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli), kwa mwenye figo dhaifu, na kwa kila mtu kadiri anavyozeeka. Ndiyo maana matokeo yasiyo na umri pembeni yake hayana maana. Kwetu Afrika kuna tahadhari ya ziada. Huntington ipo, na upo ukoo wa mkoani Kilimanjaro ulioelezwa kwenye maandishi ya kitabibu; lakini upo pia ugonjwa unaofanana nao mno, HDL2, unaotokana na jeni jingine, JPH3, na unaowapata hasa watu wenye asili ya Afrika. NfL haiwezi kukutenganishia hayo mawili.

Inachoweza ni kuonyesha mwendo. Mwaka 2017 watafiti wa London walionyesha kwamba wabeba jeni wenye NfL kubwa kwenye plazma, yaani sehemu ya maji ya damu, ndio ambao baadaye ubongo wao ulisinyaa kwa kasi zaidi. Kwa hiyo mlinganishe mtu na yeye mwenyewe wa mwaka jana, kabla ya kumlinganisha na jirani yake.

Na hapo ndipo kazi ya mikono inapoamua kila kitu. Chukua damu kwenye tyubu ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau, kisha igeuze juu chini taratibu mara nane hadi kumi. Usiitikise, seli zikipasuka plazma inatoka nyekundu. Ukishaizungusha kwenye sentrifuji utaona tabaka tatu: plazma ya manjano juu, utando mwembamba mweupe katikati, seli nyekundu chini. Nyonya plazma kutoka juu na acha kidogo juu ya ule utando, hata ukionea uchungu hicho unachokiacha. Gawa kwenye vichupa vidogo, weka kwenye friza la nyuzi hasi 80. NfL yenyewe ni ngumu, huvumilia kuyeyushwa na kugandishwa tena mara chache, lakini akiba hiyohiyo kesho itatakiwa kwa protini dhaifu zaidi. Na mkianza na plazma, endeleeni na plazma, maana seramu, yale maji yanayobaki damu ikiachwa igande, hutoa namba za juu zaidi na grafu itapanda bila mgonjwa kubadilika.

Siku ya kupima, weka sampuli zote za mtu mmoja, za miaka yote, kwenye pleti moja, ile sahani ya vishimo inayoingia kwenye mashine. Pleti mbili zikipishana kwa asilimia kumi, utaona ugonjwa usiokuwepo. Mimi nikiletewa matokeo, naangalia kwanza sampuli za udhibiti, zile ambazo namba yake tunaijua tayari. Zikiwa zimeyumba, mengine siyasomi.

Namba ikipanda ghafla kwa mtu aliye kwenye majaribio ya dawa, msikimbilie kusema ugonjwa umesonga. Mwaka 2022 majaribio ya branaplam, dawa iliyojaribiwa kwa Huntington, yalisimamishwa baada ya dalili za madhara kwenye neva za washiriki, na NfL ilikuwa imepanda. Kwa upande mwingine, mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya tofersen kwa ALS ya jeni la SOD1, na kushuka kwa NfL kulikuwa sehemu kubwa ya ushahidi.

La mwisho ni gumu kuliko yote. Watoto wa mgonjwa, kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi jeni, na wengi hawataki kujua. Wanakuja kutoa damu kwa moyo mwema, na wewe jina lao unalo. Sampuli ziandikwe kwa msimbo tu badala ya jina, na orodha ya misimbo akae nayo mtu asiyepima. Atakuja mmoja akusimamishe koridoni: "Dada, mimi namba yangu vipi?" Usijibu hata kwa uso. Mwambie majibu ya utafiti huu hayatolewi kwa mtu mmojammoja, na kwamba akitaka kujua kuhusu jeni, njia inaanzia kwa mshauri nasaha. Kisha mpeleke mwenyewe hadi mlangoni kwa mratibu, usimwelekeze kwa kidole.