Usimruhusu mtu achimbe hedi yako

Msomaji mmoja anayeishi mtaa wa Umoja, Nairobi, ameniandikia kwamba fundi wake wa Grogan, mtaa wa magereji hapa mjini, anataka kupanua na kung'arisha matundu ya hedi (kichwa cha injini chenye njia za hewa na moshi) ya Corolla yake, injini 4A-GE, ati gari lipate nguvu. Atoe hela? Ndugu yangu, usitoe.

Jambo hili liliniondoa kwenye gereji moja ya Industrial Area. Bosi alipenda kuchimba matundu mpaka aluminiamu ing'ae, maana mteja akiona kitu kinang'aa halalamikii bei. Nikamwambia njia ikipanuka mno hewa inapoteza kasi. Gari litavuma injini ikizunguka juu, lakini likiwa na abiria wanne kwenye mlima litalia tu. Alinicheka mbele ya vijana wanaojifunza kazi. Kicheko kile sijakisahau.

Nilimwonyesha kazi ya Toyota wenyewe. Matoleo ya kwanza ya 4A-GE yana mfumo uitwao T-VIS: kila silinda ina njia mbili za hewa, na moja hufungwa injini inapozunguka polepole ili hewa ipite kwa kasi. Waliounda injini wanabana, sisi tunapanua! Na hapa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa tayari imepungua karibu moja ya tano.

Nikahama, nikaanza kwangu. Mteja wa kwanza mwenye injini hiyo matundu yake sikuyagusa. Nilikata siti za valvu, yaani pale milango ya hewa na moshi inapokalia ikifunga, kwa pembe tatu, digrii 30, 45 na 60. Valvu hukaa kwenye ile ya 45. Nyingine zinairahisishia hewa kona. Siti za valvu za moshi niliziachia ukanda wa kugusana na valvu ulio mpana zaidi, kwa kuwa joto jingi la valvu hutoka kupitia hapo ikifunga. Ukanda ukiwa mwembamba, valvu inaungua. Nikamimina petroli kwenye matundu nione kama valvu zinaziba: hakuna tone lililopita. Gari lilipanda kutoka Mai Mahiu hadi Limuru, mwenye gari akinipigia simu kwa furaha. Yule bosi siku hizi anakata pembe tatu, na anawaambia wateja alizibuni yeye.

Kwa hiyo, vijana, pimeni kabla ya kufungua. Kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ikiwa chini, tia oili kidogo kwenye silinda upime tena. Isipopanda, shuku valvu. Pimeni, jamani! Tamaa ya kung'arisha imewamalizia wengi pesa. Na kabla hedi haijarudishwa, mwambie fundi akuonyeshe alama ya ukanda kwenye kila valvu. Akikasirika, beba hedi yako uondoke.