Sukari iko mpakani, niache sembe nile uwele tu?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa miaka 43, niko Nkuhungu hapa Dodoma. Nimepima sukari asubuhi kabla sijala kitu ikasoma 6.4, nikaambiwa sio kisukari bado ila iko mpakani. Majirani wanasema niache sembe nile ugali wa uwele tu nitapona. Ni kweli? Na zabibu je, maana sasa hivi zimejaa?

JIBU: Marahaba dada. Umefanya vizuri sana kupima mapema, kwa kipimo hicho kisukari kinaanzia 7.0 kwahiyo nafasi ya kurudi nyuma unayo kabisa. Kinachotokea ni kwamba misuli na ini haviisikii vizuri insulini, yaani homoni inayosaidia kuitoa sukari kwenye damu, kongosho linalazimika kutoa nyingi zaidi kila ukila, likizidiwa ndo sukari inabaki juu.

Uwele una nyuzinyuzi kuliko sembe, nakubali, ila sio dawa, ni wanga vilevile, ukila bonge lilelile la zamani sukari itapanda tu. Ugali uwe kama ngumi yako, nusu ya sahani mboga za majani, halafu kunde, choroko, samaki au mayai. Na mlenda jamani! Ule utelezi unachelewesha sukari kuingia kwenye damu, uunge na karanga kidogo, mi naumia nikiona watu wanauita chakula cha shida halafu jioni wako kwenye foleni ya chipsi. Uji ndo uwe nao makini, hata wa uwele, unga umesagwa laini na sukari juu yake unapandisha haraka sana. Soda na juisi ya ubuyu yenye sukari acha.

Zabibu kula, ila zijae kiganja tu, baada ya chakula, na usizisage juisi.

Ukimaliza kula usiku tembea hata dakika 15, misuli ikifanya kazi inavuta sukari yenyewe. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002, watu wa mpakani kama wewe walipunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari ya kupata kisukari ikashuka kwa asilimia 58. Kama una kilo 80 na umezidi uzito, kupungua 4 mpaka 6 tu inatosha kuanzia.

Baada ya miezi mitatu rudi upime, omba na kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kinaitwa HbA1c. Ukianza kuwa na kiu isiyoisha na kukojoa sana usiku usisubiri, nenda hospitali siku hiyohiyo.