Viwango vya mpito visivyotulia

Ndugu, umeuliza kwa nini modeli yako ya chaneli ya ioni (protini ya utando wa seli inayofungua na kufunga njia ya ioni), yenye hali nne zilizounganishwa kama duara, inatoa viwango vipya vya mpito (kasi za kuhama kutoka hali moja hadi nyingine) kila unapoilinganisha na data. Nadhani umeviacha viwango vyote vinane, viwili kwa kila kiungo, huru, ilhali katika msawazo zao (jibu la kuzidisha) la viwango vya kulizunguka duara kuelekea kulia lazima lilingane na zao la kuelekea kushoto. Kwa hiyo vilivyo huru ni saba tu, na programu haitakuwekea sharti hilo usipoliomba. Kisha, kwa kuwa ulirekodi sampuli 10,000 kwa sekunde, weka kikomo cha muda mfupi kabisa unaohesabiwa, tuseme milisekunde 0.2, na uwashe masahihisho ya matukio yaliyokosekana, yaani yale mafupi mno kuonekana kwenye rekodi. Hapa Nairobi kisanduku cha kuwasha masahihisho hayo kilinigharimu wiki nzima.