Lishe ni ya mtoto, si ya blogu

“Shikamoo mwalimu. Nina blogu ndogo hapa Mikindani, naandika habari za korosho na uvuvi. Kijana aliyenitengenezea ameweka kitufe cha rangi ya machungwa chenye maneno ‘Pata lishe yetu’, akitafsiri ‘feed’ ya Kiingereza. Mwenzangu ananiambia niseme ‘mlisho’. Nishike lipi?”

Marahaba. Shika mlisho, na hiyo lishe ifute leo kabla jua halijazama.

Neno hili linanikera kila ninapolikuta kwenye kitufe. Ingia duka lolote hapa Lindi useme “nipe lishe”, muuzaji atakushushia pakiti ya unga: mahindi, mtama, soya na karanga vilivyosagwa pamoja kwa uji wa mtoto. Nenda kliniki siku ya kupima uzito. Mtoto akidhoofu, mama anaulizwa habari za lishe. Neno limeshapewa kazi, tena kazi nzito, na kila mama wa kusini analijua. Mama huyo akikuta “Pata lishe yetu” kwenye blogu yako ataona unauza unga, na haki atakuwa nayo. Aliyeliweka pale alifungua kamusi, akaona habari za kulisha, akachukua neno la kwanza lililofanana. Hakujiuliza kitu chenyewe kinafanya nini.

Kitu chenyewe ni faili. Blogu inaandika humo vichwa vya makala mpya, tarehe, viungo na pengine muhtasari. Msomaji ana programu inayolichungulia kila baada ya muda. Ikikuta jipya, inamletea. Chukua msimu wa minada ya korosho. Chama cha msingi kimebandika bei ukutani. Mkulima hashindi pale akisubiri, anampa mwanawe baiskeli, “Katazame kama kuna karatasi mpya.” Kijana anazunguka vyama vitano, anarudi na bei zote. Karatasi ndiyo mlisho, kijana ndiye programu. Sasa tazama nani kamfuata mwenzake: karatasi haikutoka ukutani kwenda kwa mkulima. Kwa hiyo hata wale wanaoandika “blogu inakulisha habari” siwakubali. Anayelishwa ni mtoto, mgonjwa au mfugo. Mtu mzima akilishwa, basi kalishwa maneno au kalishwa kiapo, na hapo hakuna heri. Msomaji wako kaamua mwenyewe kukufuatilia. Kwa nini umtie kijiko mdomoni?

Utaniuliza mbona navumilia mlisho, nalo ni tunda la lisha hiyo hiyo. Navumilia kwa kuwa halijabanwa. Wazee wa pwani waliita Shaabani mwezi wa mlisho, lakini hakuna atakayeona kitufe chako akadhani Ramadhani imekaribia. Tena ngeli yake ni nyepesi: mlisho huu, milisho hii. Moyo wangu ulipenda mpasho, maana tunapashana habari, ila taarabu imeshalichukua na hairudishi. Basi mlisho na uwe. Faili hilo huandikwa kwa mitindo miwili maarufu, na neno litatosha yote: RSS iliyoanza mwaka 1999, na Atom iliyokamilishwa kuwa kanuni rasmi mwaka 2005. Litatosha pia podikasti, vile vipindi vya kusikiliza mtandaoni, ambazo nazo huwafikia wasikilizaji kwa njia hiyo hiyo.

Makala yako ikichukuliwa kupitia mlisho na kutokea kwenye tovuti nyingine, huo ni usambazaji. Nimeona pahala wameuita “ushirika”. Mtwara nzima ushirika ni wa wakulima, na wauache huko. Ukitaka watu waje kusoma kwako, weka muhtasari tu kwenye mlisho. Ukiweka makala nzima, watamaliza huko huko waliko.

Kwenye kitufe andika: “Fuatilia mlisho wetu.”