Ukitaka kuitania Kings Island, nenda Kings Island kwanza

Sisi tunaoishi Columbus, makao makuu ya jimbo la Ohio, tuko katikati ya ushindani mtamu. Ukishika njia ya kaskazini, baada ya saa mbili hivi unafika Sandusky, ambako Cedar Point imekaa tangu 1870 kwenye ulimi wa nchi ulioingia Ziwa Erie. Ukishika barabara kuu ya I-71 kwenda kusini, saa moja na nusu tu unauona mnara wa Eiffel uliopunguzwa hadi theluthi moja ya ule wa Paris, umechomoza juu ya miti ya Mason, jirani na Cincinnati. Hiyo ni Kings Island, iliyofunguliwa 1972. Bustani mbili kubwa za burudani, jimbo moja, na tangu 2006 mwenye mali ni mmoja.

Mimi ni wa Sandusky, yaani shabiki wa Cedar Point. Shemeji yangu, mume wa dada, ni wa Mason, shabiki wa Kings Island kufa na kupona. Tumetaniana miaka mingi, kwenye simu, kwenye harusi za watu, na zaidi kwenye foleni za rolakosta, vile vitreni vya burudani vinavyopanda na kuporomoka kwenye reli. Naandika kwa sababu vijana wetu wengi hapa Ohio, Wakongo, Wakenya, Watanzania, Wasomali waliokulia Kenya, wameingia kwenye ushabiki huu kwa moyo wote, na ninaona baadhi yao wanaupeleka kwenye matusi. Inaniuma, maana mambo ya utani sisi tumezaliwa nayo. Mnyamwezi anaweza kumvua Mzaramo kofia hadharani na asiguswe, lakini Mzaramo akifiwa, mtani huyo huyo yuko msibani anafanya kazi. Haki ya kutania inakwenda na wajibu. Ushabiki wa bustani dada nao unataka hivyo hivyo.

Kwanza kabisa, usiitanie bustani usiyoikanyaga. Wengi wa upande wangu wanasema Kings Island ni ya watoto. Wanaosema hivyo wanashikilia kitu cha kweli: eneo lake la watoto lilichukua Golden Ticket, tuzo ya bustani za burudani, mwaka baada ya mwaka, kuanzia 2001 hadi 2018. Lakini mtu aliyepanda The Beast usiku hawezi kutamka neno hilo.

The Beast ni rolakosta ya mbao iliyofunguliwa Aprili 1979. Reli yake ina zaidi ya futi 7,300, na mpaka leo hakuna ya mbao iliyoipita duniani kwa urefu. Safari nzima inachukua zaidi ya dakika nne. Kinachoifanya iwe ilivyo, hata hivyo, ni msitu. Ukishateremka kilima cha kwanza unaingia kwenye shimo la handaki, ukitoka huioni tena bustani. Hakuna taa, hakuna muziki, hakuna watu wanaokutazama; kuna shina za miti zinazopita karibu na bega na mbao zinazolia chini yako. Halafu treni inapunguza mwendo, inashika mnyororo wa kilima cha pili, na pale unapata muda mrefu wa kusikia tak-tak-tak na kuona anga. Mteremko unaofuata hauko wima. Unakuja kwa mshazari, unaongeza kasi kidogokidogo, mpaka unakuingiza kwenye mzunguko uliofunikwa kwa mapaa ya mbao, umelala upande, kelele zote zimefungiwa humo ndani pamoja na wewe. Ninaipenda Millennium Force ya kwetu kuliko kitu chochote chenye reli, lakini ile hali ya kupotea msituni Sandusky hatuna. Tumezungukwa na maji, msitu tungeuweka wapi? Mtu akijua hilo, utani wake unapata uzito, na hata anayetaniwa anausikiliza.

Pili, ukibishana kwa tarakimu, zielewe. Ubishi mkubwa wa miaka hii ni Orion, iliyofunguliwa Kings Island 2020. Mashabiki wa rolakosta duniani wana jina la heshima kwa zile zinazofikia futi 300: huziita giga. Millennium Force, ya mwaka 2000, ndiyo iliyoanzisha daraja hilo kwa futi 310, ikikimbia maili 93 kwa saa. Sasa Orion ina kimo cha futi 287. Watu wa Sandusky hapo ndipo wanaposimama: futi 13 zimekwenda wapi? Shemeji anajibu bila hata kupumua: mteremko wake ni futi 300 kamili, kwa sababu ardhi ya Mason ina mabonde na reli inashuka chini kuliko pale kilima kinapoanzia. Kwake yeye giga ni kile tumbo linachokisikia, yaani mteremko. Kwangu mimi giga ni kile jicho linachokiona kutoka maegesho. Wote wawili tuna hoja, na ndiyo maana ubishi huu ni mzuri: haumalizwi na mtu kupaza sauti.

Kuna silaha moja ninayowapa bure vijana wa Sandusky. Millennium Force inampokea mtoto wa inchi 48. Orion inataka inchi 54. Mpwa wangu, mtoto wa Mason aliyezaliwa na kulelewa na wazazi wa Mason, aligundua hilo mbele ya kijiti cha kupimia urefu. Nyumbani kwao aliambiwa asubiri akue. Kwetu akaambiwa karibu. Alipanda akiwa amekaa kando yangu, mkono wake kwenye wangu. Pale hakuna mnyororo wa tak-tak. Kamba nene ya chuma inakuvuta haraka kwenye mwinuko wa nyuzi 45, na ziwa linafunguka mpaka upeo. Kule juu hakusema kitu. Chini alipiga kelele mpaka treni ikasimama. Baba yake alikuwa nje ya geti anatusubiri, na naye alicheka kwa furaha. Utani mzuri ndio huo, unaomwachia mwenzako nafasi ya kufurahi na mwanawe.

Tatu, na hapa sitaki mzaha: majeraha ya watu hayataniwi. Agosti 2021 kipande cha chuma kilichomoka kwenye treni ya Top Thrill Dragster, pale Cedar Point, kikamjeruhi vibaya mwanamke aliyekuwa kwenye foleni. Rolakosta hiyo ya futi 420 haikurudi tena kama ilivyokuwa. Ilijengwa upya na kufunguliwa 2024 kwa jina la Top Thrill 2, ikafungwa baada ya siku chache tu kwa matatizo ya mitambo, ikarudi 2025. Kule kufungwa kwa mitambo tumetaniwa vya kutosha na tumevumilia, ni haki yao. Lakini nimewasikia watu wakilitumia lile jeraha lenyewe kama bao la kufungia mechi. Hapana. Yule alikuwa mtu aliyekwenda kutembea na familia yake. Ukimsikia mtu wa upande wako anafanya hivyo dhidi ya bustani nyingine, mnyamazishe wewe, usimwachie wa upande wa pili.

Nne, hudhuria misiba. Kings Island ilipotangaza kuiondoa Vortex, rolakosta ya vitanzi iliyokuwapo tangu 1987, siku yake ya mwisho ikawa 27 Oktoba 2019. Ilikuwa inatikisa kichwa mpaka masikio yanauma, na miaka yote tuliitania kwa hilo. Msimu huo wa mwisho tulishuka kutoka kaskazini kwenda kuipanda na kuwapa pole wenyeji. Nao walikuwa wamefanya hivyo kwetu 2016, Mean Streak ya mbao ilipofungwa. Ile ilifufuka: kiunzi chake kikavikwa reli ya chuma, ikawa Steel Vengeance 2018, na shemeji hadi leo anadai kwamba walitusaidia kuomboleza kitu ambacho hakikufa.

Wapo waliokufa kweli, na hili ndilo linalonifanya niuchukulie utani huu kwa uzito. Ohio ilikuwa na dada wa tatu. Geauga Lake, mjini Aurora karibu na Cleveland, ilikuwa na historia ya zaidi ya karne moja. Wenye Cedar Point waliinunua 2004. Msimu wa 2007 ulimalizika 16 Septemba, watu wakaenda zao nyumbani kama kila mwaka. Siku tano baadaye ikatangazwa kwamba sehemu ya bustani yenye rolakosta haitafunguliwa tena. Waliopanda Big Dipper, ya mbao, ya mwaka 1925, hawakujua kwamba walikuwa wanaiaga. Ilikaa pale ikiota magugu mpaka ikabomolewa 2016. Rolakosta yake nyingine, ile ya kulala kifudifudi kama ndege, ilikuwa tayari imehamishiwa Kings Island na kupewa jina la Firehawk. Nayo ikaondolewa 2018, na mahali ilipokuwa ndipo palipojengwa Orion. Kwa hiyo kila tunapobishana kuhusu zile futi 13, tunabishana juu ya kiwanja kilichowahi kumhifadhi yatima wa Geauga Lake. Mimi siwezi kuitakia bustani nyingine mabaya nikijua hilo. Nikisikia shabiki anasema "bora waifunge tu", najua hajawahi kufiwa na bustani.

Kuhusu pesa za mwenye mali, sina mengi. Mwaka 2006 kampuni ya Cedar Fair, yenye Cedar Point, ilizinunua bustani za Paramount kwa dola bilioni 1.24, Kings Island ikiwamo, na tangu hapo kila upande unaamini mzazi anampendelea mwenzake. Sisi tukipata rolakosta ya GateKeeper 2013, wao Banshee 2014. Sisi Valravn 2016, wao Mystic Timbers 2017. Hesabu hiyo haina mwisho, na tangu Julai 2024 Cedar Fair na Six Flags, kampuni nyingine ya bustani, zimekuwa kampuni moja, ofisi kuu ikiwa Charlotte, North Carolina. Wanaoamua sasa wana bustani nyingi za kuwaza, katika majimbo mengi. Ushauri wangu ni kwamba nguvu za kulalamikia mgao zitumike kuandikia kampuni pamoja, watu wa Sandusky na wa Mason, pale rolakosta kongwe inapotelekezwa. The Racer ya Kings Island, ya 1972, ndiyo iliyowarudishia Wamarekani hamu ya rolakosta za mbao. Blue Streak yetu ni ya 1964. Hizo zikiguswa, tunapaswa kusema kwa sauti moja.

Sasa ya vitendo, kwa anayetaka kuanza. Kama unaweza, chukua pasi ya msimu ya daraja linalofungua milango yote miwili. Sandusky usiende siku ya upepo mkali, maana ziwa likichafuka zile ndefu husimamishwa. Mason ukienda, usiondoke kabla ya giza, kwa ajili ya The Beast. Na ukienda kwa watani, mwache mwenyeji aongoze. Apange yeye kipi mpande kwanza, mkae kiti cha mbele au cha nyuma, mle nini. Kings Island watakupa aiskrimu yao ya buluu. Sisi tutakupa chipsi zilizokatwa pale pale na kumwagiwa siki ya shayiri. Kula, panda, uliza maswali, sikiliza hadithi zao za msimu wa kwanza wa Diamondback, rolakosta yao nyingine. Ya kwako utayasema kwenye gari, mkirudi.