Nyasi zilizokauka baada ya kazi kukabidhiwa

Ndugu, umeuliza kama mkandarasi wa bustani aliyekufanyia kazi Entebbe analazimika kupanda upya nyasi zilizokauka baada ya kukukabidhi kazi. Hilo linategemea zaidi mlichoandikiana. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka mkataba wenye thamani inayozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi, na kupanda nyasi kiwanja kizima huvuka kiwango hicho kwa urahisi.

Kipengele ninachokisisitiza kuliko vyote ni cha umwagiliaji, yaani nani atamwagilia, kwa maji ya nani na hadi lini, kwa sababu paspalamu, aina ya nyasi za bustani, iliyopandwa Januari wakati wa kiangazi haishiki mizizi bila maji ya mara kwa mara, ilhali ile ya Machi au Septemba husaidiwa na mvua. Kipengele hicho kisipokuwepo, mteja ndiye huumia zaidi, maana mara nyingi huwa amekwisha kulipa.

Kwa sasa, mwombe mkandarasi atoe kazi ya mikono nawe ununue miche, na kama kuna malipo yoyote safari hii, kubalianeni kwa maandishi kwamba utazuia sehemu yake mpaka nyasi zifunike udongo.