Maswali ya Hesabu: Kwa Nini Alama Inageuka?

Maswali mengi yaliyofika safari hii ni ya hesabu za kutolingana, zile zenye alama za <, >, ≤ na ≥ mahali ambapo tumezoea kuona sawasawa.

Shikamoo mwalimu. Ukigawanya kwa namba hasi, alama inageuka. Tumeambiwa tukariri tu. Kwa nini inageuka? (Kidato cha Pili, Igoma)

Marahaba, mwanangu. Usikariri. Chukua 3 < 5, jambo lisilo na ubishi, kisha zidisha pande zote kwa −1. Unapata −3 na −5. Kwenye mstari wa namba iliyo kulia ndiyo kubwa, na −3 iko kulia kwa −5, hivyo −3 > −5. Kuzidisha au kugawanya kwa hasi kunahamishia kila namba upande wa pili wa sifuri: iliyokuwa mbali zaidi kulia sasa iko mbali zaidi kushoto. Mpangilio ukishapinduka, alama haina budi kufuata.

Tufanye 7 − 2x > 15. Ondoa 7 pande zote: −2x > 8. Gawanya kwa −2, geuza alama: x < −4. Kama moyo haujatulia, pita njia isiyogusa mgawanyo wa hasi kabisa. Ongeza 2x pande zote: 7 > 15 + 2x. Ondoa 15: −8 > 2x. Gawanya kwa 2: −4 > x. Jibu ni lile lile, wala hukugeuza kitu.

Halafu jaribu. Weka −5: 7 + 10 ni 17, inazidi 15. Weka 0: inabaki 7, haizidi. Jaribio hili huchukua nusu dakika, na nawasihi wanafunzi wote walifanye hata kama mtihani unawakimbiza.

Angalizo moja: kuona tu alama ya kutoa si sababu ya kugeuza. 2x > −8 inatoa x > −4, kwa sababu umegawanya kwa 2, ambayo ni chanya. Hapa ndipo wengi wanapoanguka.

Mwalimu, mwanangu alipata x < −4 sawasawa, ila mchoro wake wa mstari wa namba ukakatwa maksi kwa sababu kiduara cha kwenye −4 alikijaza wino. Ni haki kweli? (Mama, Kirumba)

Ni haki, mama. Kiduara kilichojazwa kinasema −4 nayo ni jibu. Ukiiweka, 7 + 8 ni 15, na 15 haizidi 15. Kwa < na > kiduara huachwa tupu. Kwa ≤ na ≥ hujazwa.

Utotoni tulikuwa tukisikia sangara wa kuvuliwa awe kuanzia sentimita 50 hadi 85. Kihesabu inaandikwaje? (Nansio, Ukerewe)

50 ≤ x ≤ 85. Chora viduara viwili vilivyojazwa, kwenye 50 na kwenye 85, uviunganishe kwa mstari. Samaki walio nje ya kipimo hicho ni x < 50 au x > 85: viduara vitupu, mishale miwili inayopeana mgongo. Hawa usiwabane kwenye sentensi moja ya 85 < x < 50, maana utakuwa umesema 85 ni ndogo kuliko 50.

Zoezi letu: mtumbwi usibebe zaidi ya kilo 600. Watu na injini ni kilo 240, kila sanduku la samaki kilo 50. Nimepata x ≤ 7.2, je niandike hivyo hivyo? (Sengerema)

Hesabu yako ni sahihi: 50x + 240 ≤ 600, 50x ≤ 360, x ≤ 7.2. Lakini hakuna sehemu ya sanduku hapa, kwa hiyo jibu ni masanduku yasiyozidi 7. Kwenye mstari wa namba usichore mshale; weka nukta kuanzia 0 hadi 7. Hata ungepata 7.9, usikadirie kwenda juu. Sanduku la nane linafikisha kilo 640, na sharti limeshavunjika.